Wakili wa Masufuria

Mke wangu hutetea viwanda. Nalisema mapema ili anayetaka kumchukia aanze sasa, maana baadaye atakuwa amechelewa. Birika likimuunguza mtu huku Kagera, au pasi ikichoma kitanda, na mtu huyo akaenda mahakamani, mara nyingi anayesimama upande wa kiwanda ni yeye, Wakili Restituta Kahangwa, binti wa mkulima wa kahawa wa Ijumbi. Majirani zetu hapa Rwamishenye wanamwita Wakili wa Masufuria. Hawathubutu kumwita hivyo akiwepo.

Tulipokuwa wachumba nilimuuliza kwa nini asiwatetee wanyonge. Akanisimulia habari za baba yake, mzee Bartholomayo, ambaye zaidi ya kahawa alikuwa akichonga vitanda. Siku moja kitanda chake kilivunjika kwa jirani, kijiji kizima kikamcheka fundi. Baadaye ikajulikana kwamba mwenye kitanda alikuwa amesimama juu yake na mwenzake wakipigilia misumari ya chandarua. Lakini mzee hakuwa ameulizwa lolote, na tangu siku ile hakushika tena randa.

"Aliyetengeneza kitu naye ni mtu," Restituta aliniambia. "Asikilizwe kwanza." Nilimpenda siku hiyo, na sijapona mpaka leo.

Ana desturi moja ambayo mawakili wenzake wanaicheka. Haandiki mstari hata mmoja wa utetezi kabla kitu chenyewe hakijatumika nyumbani kwetu wiki mbili. Anayekitumia, bila shaka, ni mimi. Nilifundisha sayansi sekondari miaka thelathini, nikastaafu, na tangu hapo jiko ni langu. Nimepiga pasi mashuka yasiyohitaji pasi. Nimechemsha maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Wanaume wenzangu, wakiniita Ta kwa heshima ya Kihaya, wananiuliza, "Ta Evarist, leo mkeo amekupa kazi gani?" Nawajibu kwamba nafanya utafiti.

Mwaka juzi ikaja kesi ya presha kuka, sufuria ile inayofungwa ipike kwa nguvu ya mvuke. Mdai alikuwa Alistidia, mama wa makamo kutoka Izigo. Mwanawe alimletea sufuria hiyo Krismasi. Akapika ebitoke, ndizi zetu, na juu yake akafunika majani ya mgomba kama tunavyofunika wote tangu enzi za bibi zetu. Jani likaziba kitundu cha mvuke. Sufuria haikupiga filimbi, akadhani imeshapoa, akafungua. Mfuniko ukaruka. Mkono wake wa kulia uliungua hata vidole havikunjiki tena kushika kisu cha kumenyea ndizi. Kibaya zaidi, ukoo mzima ulimwita mjinga. Nani anatia majani kwenye chombo cha kisasa?

Safari hii sufuria ya majaribio ilichelewa njiani na siku ya kuwasilisha utetezi ikafika. Kwa mara ya kwanza Restituta akaandika kabla ya kujaribu. Jioni alinisomea aya ya saba: "Hakuna mtumiaji wa kawaida, mwenye akili timamu, atakayeweka majani ya mgomba ndani ya chombo hiki." Nilicheka. Nikamwambia, "Hapo umemmaliza." Naandika haya kwa aibu.

Wiki tatu baadaye sufuria ikafika. Jumamosi, yeye akiwa ofisini, nikamenya ndizi, nikatia maharage, nikafunga mfuniko, nikawasha gesi. Redioni kulikuwa na mpira. Muda ukapita, filimbi kimya. Nikazima redio nisikilize vizuri, bado kimya. Nikanyoosha mkono nifungue.

"Mwalimu! Usiguse!"

Alikuwa mlangoni, mkoba begani. Alikuwa amesikia harufu ya majani. Alizima gesi, akanikamata shati, akanivuta hadi nje kwenye migomba. Tukasimama pale mpaka sufuria ikapoa.

"Umeweka majani?"

"Nimeweka."

"Na aya ya saba uliisikia?"

"Niliisikia, Resti. Sijui hata niliyaweka saa ngapi." Ilikuwa kweli tupu. Masikio yangu yalisikia aya ya saba, lakini mkono wangu ulikuwa umelelewa na mama yangu.

Aliuchukua mkono huo wa kulia, akaugeuza huku na huku, akaukunja kidole kimoja kimoja. Halafu akaanza kulia. Alikuwa ameuona mkono wa Alistidia mahakamani.

Mke wangu si malaika. Hakukimbilia Izigo kuomba radhi, maana wakili hamgeuki mteja wake. Jumatatu alimpigia simu mkurugenzi wa kiwanda, Dar es Salaam, akaiweka kwenye spika. Nilikuwa chumba cha pili nikisikiliza, kama ilivyo kawaida yangu.

"Tunashinda, Wakili," mkurugenzi alisema.

"Tunashinda kwa neno nililoandika mimi, na sasa najua si kweli. Niruhusu niliondoe, au tafuta wakili mwingine."

Siku tatu simu haikulia. Kiwanda kile kilikuwa nusu ya kazi zake zote. Mimi nilisali rozari, yeye alifua mapazia. Siku ya nne wakakubali, na wakakubali pia wazungumze na mama yule habari ya fidia, na kwamba kila sufuria ya Kagera ibandikwe picha ya jani la mgomba lililokatwa kwa mstari mwekundu.

Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma. Restituta akasimama.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa kuiondoa aya ya saba ya utetezi wetu."

Hakimu akavua miwani. "Kwa sababu gani?"

"Niliandika kwamba hakuna mtumiaji wa kawaida, mwenye akili timamu, atakayeweka majani. Mheshimiwa, yupo. Alifundisha sayansi miaka thelathini. Ninaishi naye."

Watu wakacheka, hakimu naye akainamia karatasi zake. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kusifiwa hadharani, na siku nilipotajwa mahakamani nilitajwa kwa kosa la jikoni. Nilitamani benchi linifunike.

Alistidia peke yake hakucheka. Aligeuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Tulipotoka alinisubiri kwenye ngazi, mkono wake umefungwa kwenye kitenge, akanisemesha kwa adabu ya Kihaya.

"Waitu, Ta, ni kweli? Nawe uliyaweka?"

"Niliyaweka, Ma. Mawili, na nikayabana vizuri."

Akashuka ngazi moja, akanisogelea.

"Mwaka mzima," akasema, "nilidhani ni mimi peke yangu."

Kisha akautoa mkono ule ndani ya kitenge, akanipa nimsalimie.