Chupa ya Baki

Mume wangu ni fundi vigae, na mafundi wenzake wanamwita Mstari. Mpe chumba kilichopinda, kuta zimekataa kuelewana kama ndugu waliogombea urithi, atapiga magoti na uzi wake na kipimamaji chake, na jioni utakuta sakafu imenyooka. Miaka ishirini na mitatu anafanya kazi hiyo, magoti yameota sugu, na sijawahi kusikia mteja akimlalamikia. Nayasema haya mapema, msije mkaniona nimekaa kumsema tu. Maana nitamsema, tena sana.

Hawa mafundi wana mtindo wao. Kazi ikiisha, simenti iliyogandia juu ya vigae wanaiondoa kwa asidi. Wananunua dumu zima, wanatumia nusu. Ile inayobaki, badala ya kukaa kwenye dumu lake lenye alama ya hatari, wanaimimina kwenye chupa za maji ya kunywa walizozimaliza wenyewe mchana, wanamwachia mwenye nyumba. "Baki yako hiyo, utasafishia choo." Ndiyo heshima yao, na fundi asiyeacha baki anaonekana ana mkono wa birika. Mstari alifundishwa hivyo na fundi wake, na huyo naye na wa kwake. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini kitu kinachotafuna simenti kikae kwenye chupa ambayo mtu mwenye kiu ataifungua bila kufikiri mara mbili.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, na hapo habari zinakuja zenyewe. Jumatatu moja alikuja dada mmoja kupunguza sketi, uso umemshuka. Nikamwuliza kulikoni. Akasema dada yake amerudishwa kwao. Mama mkwe wake alikunywa asidi jikoni akidhani ni maji, koo likaungua, sasa analishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni na sauti haitoki. Mume na ndugu zake wakasema mkamwana ndiye aliyemwekea, kwa kuwa hawakuwa wakipatana. Watoto wake wawili wamebaki kwa baba yao, haruhusiwi hata kuwaona.

"Na anaapa hajui hiyo chupa ilitoka wapi," akasema.

Nikamwuliza nyumba yenyewe ni ipi. Akasema ile yenye geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Sindano ikanichoma kidole. Bafu la nyumba ile alilitia vigae mume wangu, mwezi wa tatu.

Mstari aliporudi nikamwuliza kabla hajavua viatu. Akajitia hamnazo, akaenda kunawa mikono. Nikamfuata bombani nikarudia swali.

"Nilisikia," akasema.

"Lini?"

"Kama miezi miwili hivi."

Miezi miwili. Amekula, amelala, amecheka na wanangu, na huko mama wa watu ametenganishwa na wanawe. Niliona hata sura yake siitaki.

"Mimi sikumwambia mtu anywe," akasema. "Na yaliyopita si ndwele."

"Ndwele iko kooni mwa yule bibi," nikamwambia, "na wewe ndiye uliyeipeleka."

Nikaingia stoo yake. Nyuma ya mifuko ya simenti nikakuta chupa saba za baki, zote za maji ya kunywa, moja kifuniko kimelegea na imeshatoboa kona ya mfuko. Wanangu wanacheza kombolela mle ndani. Nikamwambia azimalize mbele yangu, sasa hivi, kungali na mwanga.

Hapo ndipo hasira iliponipanda upya, kwa sababu mtu huyu anajua. Alivaa glavu ndefu za mpira na miwani, akawafukuza watoto watoke uani. Akajaza maji kwanza kwenye pipa la plastiki, ndipo akamimina asidi kidogo kidogo, akinieleza kwamba asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, itakurukia usoni. Kisha akatia magadi kijiko kimoja kimoja. Povu likapanda, likashuka, akaongeza, mpaka magadi yakaingia bila povu lolote. Akayamwaga kwenye mfereji kwa maji mengi. Akanionya nisije nikaichanganya na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, moshi wake unakata pumzi. Chupa ya mwisho aliirudisha kwenye dumu lake lenye maandishi ili aimalizie kazini, akalifungia kabatini.

"Unajua yote haya," nikasema, "na bado unawaachia watu kwenye chupa za maji."

"Ndiyo kazi ilivyo."

"Basi kesho hakuna kazi. Tunakwenda geti la kijani."

Akasema watamfunga. Kweli, wangeweza. Nikamwambia nitampelekea chakula.

Asubuhi mwenye nyumba alitupokea vizuri, akidhani tumekuja kumjulia hali mgonjwa. Bibi alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, kitambaa shingoni, amekonda hata pete inacheza kidoleni. Mume wangu akasalimia, kisha akainamia sakafu kukagua mistari ya vigae. Nikamkanyaga mguu.

"Ile asidi ilikuwa yangu," akasema. "Niliiacha mimi, kwenye chupa ya maji, wala sikuandika kitu. Mkeo hakumwekea mtu sumu."

Nilitegemea kofi, au polisi. Mwenye nyumba akatazama mlangoni kwanza.

"Fundi, hayo yamekwisha," akasema kwa sauti ya chini. "Unayafukua ya nini? Si ulinipa mwenyewe mkononi?"

Nilikawia kuelewa. Chupa alipewa yeye. Mkewe siku ile, Mstari akakumbuka, alikuwa kazini. Basi yeye ndiye aliyeiweka jikoni kando ya maji ya kunywa, akaisahau, na mama yake alipoanguka akaona mzigo ule ambebeshe mkewe.

"Kaka, una macho makavu," nikamwambia. "Umemtoa mkeo kafara ili mama asikulaumu wewe."

Bibi aliungua koo, hakuungua masikio. Akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja, huku akimwonyesha mwanawe simu iliyokuwa mezani. Mwanawe akamwambia, mama, tulia. Hakutulia. Na Mstari, ambaye sijawahi kumwona akigombana hata na kuku, akaketi sakafuni mlangoni.

"Sitoki hapa mpaka umpigie mkeo," akasema.

Mwenye nyumba akapiga, na bibi akamwashiria aweke sauti ya kusikika na wote. Mkewe alipoitika, yule mwanamume akaanza kuumauma maneno, mara afya ya mama, mara watoto wazima. Mume wangu akamnyang'anya simu.

"Dada, mimi ndiye fundi niliyetia vigae bafuni kwenu. Chupa ile ni yangu, na nilimkabidhi mumeo mkononi. Wewe huna kosa."

Kule upande wa pili tukamsikia mwanamume mzima akikohoa.

"Rudia," akasema yule mwanamke. "Sema kwa sauti. Baba yangu yuko hapa, na tangu nirudi hajawahi kula chakula nilichopika."