Salamu za Kupanda Mlima

Jumamosi nilikuwa napanda mlima kule Mpwapwa kwa baiskeli yangu ya mbio, kofia ngumu kichwani, kaptura imenibana. Mbele yangu alitembea bibi mmoja na ndoo ya mtama kichwani.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nijipitie zangu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama yao? Mifugo? Mvua huko mjini?"

Nilijibu huku nahema, na kila nikigeuka, yuko ubavuni pangu! Tulifika kileleni tumemaliza ukoo mzima. Akaitazama baiskeli, akacheka mpaka ndoo ikatikisika.

"Siku nyingine ukiwa na haraka, iache nyumbani."

Nitaendelea kuwaamkia wazee wa milimani. Wakinipita, angalau wanipite tukiwa tunafahamiana.