Kitalu cha Yustina

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya uhudumu wodini, Sista wa wodi hakunipa ndoo wala ufagio. Alinipeleka kitanda cha dirishani, kwa msichana wa Namtumbo anaitwa Yustina. Uji wa moto ulikuwa umemmwagikia mkono mzima, na daktari alikuwa amemchuna ngozi nyembamba pajani akaibandika mkononi.

"Mkono una wenyewe," Sista akaniambia. "Daktari ataukagua, wageni watauulizia. Wewe nakukabidhi paja."

Nikadhani ananidharau, kwa kuwa elimu yangu ni ya masomo ya jioni. Kumbe paja ndilo linalouma zaidi. Pale palipochunwa panabaki pabichi kama goti lililochubuka. Panafunikwa shashi yenye mafuta, na shashi hiyo haibanduliwi. Inakauka kama gamba, ngozi mpya inaota chini yake, halafu gamba linaachia lenyewe.

Mama yake Yustina, mkulima wa tumbaku, alipoona shashi imekauka alisikitika. Kwao ukishang'oa miche kitaluni, unamwagilia ili midogo iliyobaki inyanyuke. Basi nikigeuka tu, anachota maji kwa kikombe, anainyunyizia. Paja likalowa, likanuka, binti akapata homa.

Sista akamkuta na kikombe. "Mama, unafanya nini?"

"Namwagilia, Sista. Mmeng'oa, mkaacha kitalu kikavu hivi?"

Wodi nzima ilicheka. Sista naye alicheka, halafu akakaa naye akamweleza taratibu. Tangu hapo paja tukaliita kitalu.

Yustina hakucheka. Alikuwa amechumbiwa, na sasa kidonda kingechelewa kufunga na kuacha alama.

"Dada, siku ya kuniogesha kabla ya harusi, mashangazi wa mchumba wangu wataliona paja. Mkono wanajua niliungua. Paja je? Si watasema nina ugonjwa?"

Tulisali rozari pamoja. Kidonda kilipofunga nikamfundisha: pakiwasha usikune kwa kucha, gongagonga kwa kiganja. Paka mafuta kila siku. Shambani pafunike, jua linapaunguza upesi. Rangi itarudi polepole, miezi na miezi, pengine isirudi yote. Sista alikuwa amenionya, "Usimdanganye kwamba itafutika. Mwambie kweli, ajipange."

Akajipanga. Siku moja ya kliniki akaja na mama yake na mashangazi wenyewe. "Dada, waeleze," akasema, akapandisha kitenge. Nikawaeleza. Shangazi mkubwa aliutazama mkono, akalitazama paja lenye mabaka.

"Kwa hiyo hili ndilo lililomponya binti huyu mkono?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi hili ndilo la kuvishwa." Akafungua kitenge kipya alichojifunga, akamfunga Yustina kiunoni. Mama mtu akalia pale pale.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, nami nilipunguzwa, nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Sasa nakaanga maandazi ya kuuza mtaani Bombambili. Wanangu mnaoanza kazi hiyo ya wodini, wengi watauulizia mkono. Ninyi ulizieni na paja, hata baada ya miaka.

Mimi bado nauliza. Juzi Yustina alipita na watoto wake.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada."

"Milele amina. Kitalu hakijambo?"

"Kinawasha nikishinda juani," akasema, akichukua andazi bila kukaribishwa. "Lakini mwenye shamba hajawahi kulalamika."

Nikamwambia ashike adabu mbele ya watoto, nikamwongezea andazi la pili.