Simsim ya Arasa

Kinu cha Mogaka kiko nyuma ya soko la Migori, na kwa miaka kumi na mmoja anayekiendesha ni Arasa. Ukimkuta kazini mchana humtambui, maana nyusi, masikio na kola ya shati vyote vimejaa unga. Kelele za mota zimemzoesha kuzungumza kwa mikono. Kidole kimoja, saga mara moja. Vidole viwili, rudia. Wateja wanampenda kwa sababu hapunji unga wa mtu, na wakimtania hucheka tu, hajibu.

Ndiyo maana watu walishangaa, Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, kusikia kwamba mtu huyu mwangalifu amemwaga simsim ndani ya kinu cha mahindi.

Simsim yenyewe alikuwa ameifuata soko la Kosele siku iliyotangulia. Mama aliyemuuzia, mwanamke mnene mwenye leso ya kijani, alimpimia kilo moja, akasikia anataka ya pili, kisha ya tatu, akaweka kopo chini.

"Omera, ndugu yangu, bibi yako ana mimba?"

"Hapana."

"Basi mwenye mimba ni wewe. Mwanaume hanunui simsim yote hii hivi hivi, yawa!"

Wenzake waliokuwa wamekaa kwenye magunia wakaangua kicheko. Arasa akacheka nao, akafunga mfuko wake mafundo mawili. Hakuwaambia kwamba mkewe hajalala nyumbani kwa miaka minne.

Mkewe anaitwa Eucabeth. Yuko Amman, nchi ya Jordan, anamtunza bibi kizee mmoja asiyeweza kutembea. Aliondoka binti yao wa pekee, Nyamoita, akiwa bado sekondari. Sasa Nyamoita anasomea uuguzi Kisumu na huja nyumbani siku moja moja. Nyumba iliyobaki ni ya mtu mmoja. Arasa hufua mwenyewe, hupika mwenyewe, na hulala upande wake uleule wa kitanda, ule mwingine akiuachia nafasi kana kwamba kuna mtu ameenda kuchota maji na atarudi sasa hivi.

Mkataba wa Eucabeth ulikuwa unaisha mwisho wa Juni hiyo. Mwezi wa tano alikuwa amempigia simu akamuuliza waziwazi, "Baba Nyamoita, nirudi, au niongeze miaka miwili?"

Arasa akajibu, "Uamuzi ni wako. Anayefanya kazi ni wewe."

Aliona amesema kwa heshima. Hakutaka kumlazimisha mtu anayevunjika mgongo ugenini. Isitoshe, hivyo ndivyo alivyolelewa. Baba yake akirudi kutoka safarini alikuwa akiuliza kama ng'ombe wamekunywa maji, na mama yake, kwa swali hilo tu, alijua kwamba amekumbukwa. Katika ukoo wao hakuna mwanaume aliyewahi kumwambia mkewe "njoo, nimekukosa." Maneno hayo Arasa hakujua hata yanaanzia upande gani wa mdomo.

Lakini katika mazungumzo yale Eucabeth alikuwa ametupa neno moja la mzaha. "Hata nikirudi sijui nitakula nini. Nimezoea ile sosi yao nyeupe ya simsim. Nikiikosa siku mbili mdomo unakuwa kama wa mgonjwa." Akacheka. Arasa hakucheka. Alilishika neno hilo kama mtu aliyeelekezwa njia. Kama kinachomzuia ni sosi, basi sosi itengenezwe Migori. Angeitengeneza, amwonyeshe kwenye simu siku ya Ijumaa, naye angeelewa. Yeye asingelazimika kusema chochote.

Kwa hiyo alianzia pale anapopajua, kwenye kinu. Alisubiri Mogaka atoke kwenda chai, akamwaga kilo mbili kwa pamoja. Simsim ina mafuta, na kinu kile kimezoea nafaka kavu. Kilinguruma, kikakohoa, kikanyamaza. Chujio likaziba kwa tope la kijivu na harufu ya mkanda unaoungua ikajaa chumba kizima.

Mogaka alirudi mbio. "Arasa! Umesaga nini humo, sabuni?"

"Simsim."

"Simsim! Na huyu mama aliyeleta mahindi yake nimpe unga wa kupaka mwilini?"

Arasa alikwangua kinu kwa kisu hadi jioni. Katika kilo tatu alizobeba kutoka Kosele, ikabaki moja.

Ijumaa aliruhusiwa kutoka mapema kama kawaida. Kwa Waadventista Wasabato kama yeye, Ijumaa ni siku ya maandalio: chakula cha kesho hupikwa, nyumba husafishwa, nguo za kanisani hunyooshwa, na jua likizama kazi zote zimeshawekwa chini. Arasa alichemsha viazi na maharagwe upesi, kisha akaenda mlango wa pili kwa Bosibori, mjane anayeuza ndizi, ambaye bado ana jiwe la kusagia wimbi alilolibeba kutoka kwao siku alipoolewa.

"Jiwe?" Bosibori akashika kiuno. "Unajua mtu husaga akiwa amepiga magoti?"

"Najua, mama."

"Na wewe utapiga magoti? Mwanaume mzima, na ndevu hizo?"

"Si utaniona peke yako?"

"Mwanangu, mimi nikiona, Migori nzima imeona." Lakini alimsaidia kulibeba hadi ndani, akakaa kwenye stuli ili asikose kitu.

Arasa aliosha simsim kwenye sufuria, mchanga ukabaki chini, punje akaziopoa kwa mkono na kuzikausha. Akaziweka juu ya jiko la makaa machache, akikoroga bila kupumzika. Zilipoanza kurukaruka na kunukia akazitoa.

"Hizo ni mbichi," Bosibori alisema. "Sisi tunakaanga mpaka ziwe nyekundu."

"Yake ni nyeupe."

"Yake nani?"

Arasa akapiga magoti, akaanza kusaga. Bosibori alimtazama mgongo, akaacha kuuliza. Baadaye kidogo akasimama, akasema ana nguo za kuanua, akaenda zake.

Kazi ile haikufanana na ya kinu. Simsim ilikuwa unga, kisha makombo yaliyoshikana, kisha, baada ya mabega kumuuma hadi akahisi hayako, ikaanza kutoa mafuta na kuteleza chini ya jiwe kama uji mzito. Aliikusanya yote kwenye bakuli. Haikujaa hata vikombe viwili. Akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akapiga.

Eucabeth alitokea akiwa na kitambaa kichwani, jikoni kwa watu, nyuma yake ukuta wa vigae. Alitazama mara moja, akashika mdomo.

"Baba Nyamoita, hilo jiwe umelitoa wapi? Umepiga magoti?"

"Niambie kinachofuata."

"Ngoja nicheke kwanza!" Alicheka hadi akafuta macho. "Haya. Twanga kitunguu saumu na chumvi. Kamulia limau."

Akafanya. Alipokamua mara ya pili tu, uji ule laini ukagandamana ghafla, ukawa mgumu na wa vipandevipande kama udongo wa kukandikia ukuta. Arasa akaacha kukoroga.

"Imeharibika," alisema, na sauti yake ikamsaliti kidogo.

"Haijaharibika. Ndivyo inavyofanya ikikutana na limau. Weka maji."

Akanyoosha mkono kwa chupa.

"Baridi! Si ya chai! Maji baridi, kijiko kimoja kimoja, na usiache kukoroga."

Kijiko cha kwanza hakikubadilisha kitu. Cha pili kiliteleza pembeni. Kwa cha tano udongo ukalegea. Kwa cha nane rangi ikaanza kufunguka, kutoka hudhurungi hadi ya maziwa, na mwiko ukawa unaacha mstari unaojifunga polepole nyuma yake. Arasa aliinamisha bakuli mbele ya simu.

"Imekuwa," Eucabeth alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa anacheka tena. "Imekuwa kabisa. Lakini mbona umejisumbua hivi? Wewe hata limau hupendi."

"Ulisema ukirudi utakosa cha kula."

Eucabeth aliangalia pembeni, akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Nilisaini mkataba mpya Jumatatu," alisema.

Arasa aliendelea kukoroga, ingawa sosi ilikuwa imeshalainika.

"Nilikuuliza, Baba Nyamoita. Ukaniambia uamuzi ni wangu. Nilikaa wiki tatu nikingoja useme neno lingine. Kila ukipiga, unaniambia bei ya mahindi. Nikajiambia, huyu ameshazoea kukaa bila mimi."

"Sijazoea."

"Ningejuaje?"

Arasa aliweka bakuli sakafuni. Mikono ilimnuka simsim, na magoti yalikuwa yamechorwa alama za saruji. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba asiyoijua, akayapata.

"Rudi," alisema. "Rudi nyumbani. Nimekukosa."

Eucabeth alifunga macho. "Unasema leo."

"Nasema leo. Nilipaswa kusema mwezi wa tano."

"Nimeshaweka sahihi. Bibi mwenyewe alinishika mkono nikiandika. Siwezi kumwambia nilikuwa natania."

"Najua. Sikusema uuvunje mkataba. Nilitaka tu ulisikie neno hilo."

"Nimelisikia." Akapenga kamasi kwa kitambaa cha kichwani, kisha akajaribu kutabasamu. "Onja basi. Usiniangalie tu."

Arasa alichovya kiazi, akatafuna taratibu. Uchungu kidogo, ukali wa limau, kisha ladha nzito iliyokaa ulimini muda mrefu. Alitikisa kichwa kukubali. Hakuweza kulisema neno lile mara ya pili jioni ile, kwa hiyo akachovya tena.

Nje giza lilikuwa linaingia na mlango wa pili Bosibori alikuwa ameanza wimbo wa kuikaribisha Sabato.

"Kwenu jua limezama," Eucabeth alisema. "Zima simu, usije ukavunja desturi yako kwa sababu yangu."

"Na huko?"

"Huku bado. Mwezi huu jua la huku linachelewa. Liko juu ya nyumba za watu, saa nzima nyingine."

"Nionyeshe."

Alibeba simu hadi dirishani, akaigeuza. Arasa akaona mapaa bapa yaliyopandana kwenye mlima, rangi ya simsim, matangi ya maji, nguo za mtu kwenye kamba, na jua kubwa ambalo kwake lilikuwa limekwisha. Hakuwasha taa. Alikaa sakafuni kando ya jiwe, mgongo ukutani, na wote wawili wakalitazama hadi nalo likagusa mlima, likapungua, likaisha.

"Sasa Sabato imeingia na kwangu," Eucabeth alisema.

"Ndiyo," Arasa akajibu, na hakuzima simu.