Ng'ombe Kwenye Njia ya Kutua

"Mwanamke akisogelea shimo, dhahabu inakimbia," alisema mzee mmoja mwenye mashimo yake ya dhahabu kule Rwamgasa, aliponiona nimekaa kwenye usukani wa ndege. Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Funga mkanda." Nilikuwa mwanamke wa kwanza kurusha ndege njia ile ya machimboni, na maneno hayo yalishanichosha.

Tulipokuwa tunatua, ng'ombe wakaingia katikati ya uwanja. Nikavuta usukani, injini ikanguruma, tukapaa tena juu kidogo tu ya pembe zao. Nyuma yangu, mzee alikuwa anamwita mama yake kwa Kisukuma. Nikazunguka, nikapita chini kuwafukuza, kisha nikatua.

Nikiwa namshushia begi lake, nikamsikia kwenye simu: "Tumefika salama. Rubani? Mwanaume wa shoka!"