Kiganja Kimoja Juu ya Kilo

Harufu ya gunia la mchele linapofunguliwa, ile ya vumbi na katani, bado inanishinda. Juzi nilikuwa dukani, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, mtu akakata uzi wa gunia karibu yangu, nikatoka nje bila kununua kitu. Acheni niwaambie nyinyi sababu yake, maana nyumbani kwangu sijapata kumwambia mtu.

Mama yangu aliuza maharagwe chini, kwenye soko la Kadutu, miaka mingi kabla hajapata kazi katika alimentasio moja ya mjini. Alimentasio kwetu Bukavu ni duka la vyakula lenye rafu na friji, na bei yake haina mabishano. Alianzia sakafuni, kwa magoti, akipangusa tope walilokuja nalo wateja. Anayeijua mvua ya Bukavu analijua tope lenyewe. Magoti yalimvimba mwaka mzima. Jioni, nyumbani Cimpunda, nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi huku akinikemea kwamba nina mikono laini ya padri. Baadaye wakampeleka depo, ghala la duka, kuchambua mawe kwenye maharagwe. Kisha rafuni, kupanga makopo yote yatazame upande mmoja. Halafu, nilipokuwa na miaka tisa, patron, mwenye duka, akampa bluzi ya kijani, akamweka kwenye mizani kupima sukari na mchele wa magunia.

Mizani! Chekeni tu. Juu ya mizani kulikuwa na caisse, pale watu wanapolipia, juu ya caisse patron mwenyewe, na juu ya patron ni Mungu. Mama sasa alisimama pakavu. Magoti yakapoa, akaanza hata kuimba akisonga bugali, na sauti yake, Mungu amsamehe, ilikuwa mbaya sana. Patron alishasema mbele yangu kwamba baada ya Noeli angempandisha kwenye caisse.

Shule yetu ilitoka adhuhuri. Nilipita dukani, nikakaa juu ya kreti tupu na kumwangalia. Alichota sukari, akaimimina, mshale wa mizani ukatulia kwenye moja. Basi, kilo imetimia. Lakini kabla hajafunga sacheti, kile kifuko cha plastiki, mkono wake ulirudi guniani na kuleta kiganja kimoja cha juu. Hayo ndiyo matabishi. Sokoni hakuna anayenunua maharagwe bila matabishi. Mnunuzi anasimama pale, mfuko wazi, mpaka umwongezee, na usipomwongezea atakutangaza soko zima kwamba una roho mbaya. Mama alifanya hivyo tangu usichana. Nadhani mkono wake haukuwa umepata habari kwamba umebadilisha kazi.

Wateja walimpenda, hilo naapa. Hata aliyekuja kununua sabuni alipitia kwake kumsalimu. Patron naye akaanza kulalamika kwamba magunia yanaisha mbio. Akalaumu panya, akaleta paka. Paka akanenepa, na magunia yakaendelea kuisha.

Siku moja mchana, duka likiwa limejaa, patron alikuja karibu na kreti yangu akiwa na furaha zake.

"Neema, mama yako iko na dawa gani? Batu bote banamutaka yeye tu!"

Ole wangu! Nilisimama wima kama tulivyofundishwa kumjibu mwalimu. "Anabaongezeaka matabishi, patron! Kisha kupima, anatia tena mukono moja. Kila mutu!"

Watu wawili watatu walicheka. Patron alimgeukia mama, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Mama Neema, huyu mutoto anadanganya, eeh?"

Mama alinitazama. Akatazama mstari wa watu. Akafunga sacheti aliyokuwa nayo mkononi, akampa mteja wake.

"Mutoto wangu hadanganyake," akasema.

Nami nikajivuna! Nilifikiri nimeshinda.

"Hapa haiko soko, Mama Neema," patron akasema, na kwa kweli alionekana mwenye huzuni. Hakumfukuza. Jumatatu bluzi ya kijani ilivaliwa na msichana mwingine, na mama alikuwa chini tena na kitambaa chake. Wale wale waliobeba sukari yake nyumbani waliinua tu mguu apanguse. Nilitaka kuwauma.

Nilikwenda kwa patron peke yangu. "Patron, ile siku nilidanganya." Alicheka mpaka akafuta macho. "Ah, Neema! Kamata biskwi." Nikaila pale pale mbele yake, yote. Ilikuwa tamu. Nyumbani mama hakunigombeza hata neno moja, na mimi sikujua niombe msamaha wa kitu gani, kwa kuwa nilikuwa nimesema kweli. Nilimkanda magoti kila jioni mpaka nilipoolewa. Caisse hakuifikia.

Nilichelewa sana kuelewa swali lile la patron. Alimpenda mama, alikuwa anamfungulia mlango. Mama angeitikia tu, "Ndiyo, patron, anadanganya," watu wangecheka, ningechapwa kofi la kujifanya, na baada ya Noeli mama angekaa kwenye kiti cha caisse. Neno moja tu, juu ya mtoto wa miaka tisa ambaye angelisahau kabla ya kulala.

Mwaka jana niliitwa shuleni kwa mwanangu wa kwanza. Alikuwa amesema mbele ya darasa jambo la kweli kuhusu nyumba yetu, jambo dogo, la aibu kidogo tu. Mwalimu aliniuliza kwa upole kabisa. Nikajibu mbio, nikitabasamu, "Ah, huyu mutoto anadanganya." Mwanangu alinitazama, kisha akainamisha kichwa na kumwomba mwalimu msamaha.