Muuza Raba Akimbiaye Peku

Wankyo aliuza viatu vya mitumba sokoni Musoma mjini kwa miaka mingi, na raba haikupita mkononi mwake asiijue. Aliikunja katikati, akabonyeza kisigino kwa dole gumba, akanusa gundi, halafu akakwambia kama itakufikisha Krismasi au itakufia njiani. Meza ya viatu ilikuwa yake na mumewe Gasper. Vijana wanaokimbia asubuhi walikuja hapo kwanza kabla ya kwenda kwingine, kwa sababu wawili hao walijua kuchagua belo, yaani robota la mitumba, na hawakumficha mteja kiatu kikiwa kibovu.

Yeye mwenyewe hakuwa mkimbiaji. Alianza kwa sababu ya presha. Baada ya mtoto wa tatu aliongezeka mwili, akawa anashikwa na kizunguzungu kila akiinama kufungua belo. Judith, muuguzi wa zahanati aliyozoea kwenda, alimwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kukaa kitini kutwa nzima atakuwa mtu wa vidonge kabla ya kufika arobaini. Wankyo hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Jumamosi iliyofuata alikwenda kujiunga na kikundi cha kujogi cha Kigera, mtaa anaoishi.

Kikundi hicho kiliongozwa na Mwalimu Ephraim, mstaafu aliyefundisha michezo shule za sekondari maisha yake yote, mwembamba, mwenye sauti ya filimbi na ubishi usioisha. Sharti lake la kwanza lilikuwa raba nzuri. Wankyo akafungua belo jipya, akajichagulia jozi bora kuliko zote, yenye soli nene kama mkate na sponji laini ndani. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Mwili ulipungua, kizunguzungu kikamwacha, akaanza kuwapita akina mama waliomtangulia kikundini.

Kisha goti la kulia likaanza kuuma. Mwanzoni liliuma akimaliza mbio, baadaye likauma tangu anaanza, mwishowe likawa linamwamsha akijigeuza kitandani. Alibadilisha raba akachukua nene zaidi. Maumivu yakatulia kidogo, yakarudi. Mwalimu Ephraim alimshauri apumzike, anyooshe misuli, halafu atafute raba mpya ya dukani.

“Sponji ya mtumba imeshachoka, mama Mihayo,” alimwambia. “Ukiitazama ni nene, lakini ndani imekufa.”

Neno hilo lilimuuma Wankyo kuliko goti, maana ndiyo biashara yake. Alipumzika kama alivyoambiwa, na goti alipolijaribu tena lilikuwa palepale.

Wakati wa kuvuna pamba alikwenda kwao, kijiji kimoja cha upande wa Butiama, kumsaidia kaka yake Mniko. Mchana mmoja ng’ombe mtamba alikata kamba akakimbilia shamba la jirani. Mniko alikuwa mbali, na aliyekuwa karibu ni Wankyo. Alivua kandambili akazitupa, akamfuata mnyama yule kati ya mawe, akapanda naye kilima, akateremka naye, mpaka akamshika pembe kwenye ukingo wa mahindi ya watu. Alipomaliza kumfunga ndipo akakumbuka kwamba ana goti bovu. Akalipapasa. Halikusema kitu.

Alirudi kwenye njia ya ng’ombe akakimbia tena kwenda na kurudi, mara kadhaa, taratibu na kwa kasi. Wifi yake Bhoke, mke wa Mniko, akasimama na ndoo akamuuliza amepoteza nini.

“Maumivu,” Wankyo akajibu. “Nayatafuta siyaoni.”

Safari hiyo aliangalia jinsi anavyokanyaga. Akiwa peku hatua zilikuwa fupi na mguu ulitua kwa mbele, kwa woga, kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Akiwa na raba alirusha mguu mbele akapiga kisigino chini kwa nguvu zote, kwa kuwa sponji ilimdanganya kwamba hakuna kitu anachopiga. Akakumbuka kwamba alipokuwa darasa la nne alikimbia hivyohivyo peku kwenda shule na kurudi, na hakujua goti ni kitu cha kuuma.

Aliporudi Musoma akatokea kwenye mazoezi bila viatu, na kikundi kikagawanyika hapohapo. Hezron, dereva wa bodaboda ambaye hakosi habari kwenye simu yake, alisimama upande wake. Alieleza habari za yule Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Roma miaka ya zamani akiwa peku. Mwalimu Ephraim akamsubiri amalize, kisha akamwuliza kama simu yake imemwambia kwamba Mhabeshi huyohuyo alishinda tena kule Tokyo miaka minne baadaye, akiwa amevaa viatu. Wengine wakacheka, na ubishi ukaendelea hadi jua likapanda bila mtu kukimbia.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Sokoni watu walikuwa wameanza kumtania Gasper kwamba mkewe amekimbia bidhaa yake mwenyewe.

“Mama Mihayo, mwenye bucha akila mchicha mbele ya wateja, nani atanunua nyama?” Gasper alimwuliza. Hakuwa anagomba. Alikuwa na hofu.

Wankyo alielewa hofu hiyo, lakini hakuikubali. Goti lilikuwa lake, na mguu ulikuwa wake. Na hapo ndipo akakosea. Kwa hasira ya kutaka kuwaonyesha wote, Jumamosi moja alikimbia na kikundi peku, lami tupu, hadi Makoko na kurudi, akiwa mbele ya wanawake wote. Goti halikuuma. Usiku wake mguu wa kushoto ukavimba, na kesho yake hakuweza kuukanyagia. Hospitali walimpiga picha, daktari akamwonyesha kwenye kifupa chembamba cha katikati ya mguu mstari mdogo kama unywele. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Akaambiwa asahau mbio mpaka upone.

Mwalimu Ephraim alikuja kumwona. Wankyo alijiandaa kusimangwa, lakini mzee alikaa kwenye stuli akautazama mguu.

“Mguu uliokimbia peku kwenda shule kule Butiama ulikuwa na miaka kumi,” alisema. “Huu una thelathini na sita, na sehemu kubwa umeishi ndani ya kiatu. Umeupeleka kazini bila kuufundisha.”

“Kwa hiyo shida si peku, mwalimu. Shida ni haraka.”

“Sijasema hivyo.”

“Lakini hujakataa.”

Mwalimu akaomba maji ya kunywa, akabadilisha mazungumzo.

Mfupa ulipounga, Wankyo akaanza upya, na mara hii alianza chini kabisa. Alitembea peku ndani ya nyumba, kisha uani. Akaenda kwenye mchanga wa ufukwe wa ziwa akatembea hapo siku nyingi kabla ya kuthubutu kukimbia, na alipokimbia alikimbia kidogo tu, akaacha wakati bado ana hamu. Kutoka mchangani alihamia kwenye majani ya uwanja wa shule, kutoka kwenye majani akahamia barabara ya vumbi. Siku nyingine mbigili zilimchoma akakaa pembeni kuzitoa kwa pini. Mvua za masika zilipoanza, tope lilimkalia hadi magotini na wanafunzi wakamzomea. Akaenda hivyohivyo. Mguu ukiuma kwa namna asiyoielewa, alirudi nyumbani siku hiyohiyo bila kubishana nao. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko kukimbia, maana alizoea kushinda kwa kusukuma.

Gasper hakusema kwamba amekubali. Ila asubuhi moja Wankyo alimkuta barabarani mbele yake, ameinama, anaokota vipande vya chupa vilivyotupwa nje ya kilabu. Gasper akamwambia apite tu, yeye atamaliza hadi kona.

Mwisho wa kiangazi vikundi vya kujogi vya Musoma na Bunda viliandaa mbio za nusu marathoni kule Butiama, nusu ya njia ikiwa lami na nusu vumbi. Wankyo alikwenda. Pale kwenye meza ya kugawia namba za wakimbiaji alikaa kijana mmoja wa Bunda aitwaye Isaya, mwenye adabu na msimamo. Alimtazama miguuni akamweleza kwamba kila mkimbiaji lazima awe na viatu, kwa usalama wake. Mmoja wa kikundi cha Kigera akamnong’oneza Wankyo aazime raba, achukue namba, avue mbele ya safari. Wankyo akakataa. Alimwambia Isaya kwamba hakuja kujificha. Amefanya mazoezi hivyo tangu kabla ya masika, na akipewa viatu leo ndipo ataumia.

Isaya alikuwa bado anatikisa kichwa Mwalimu Ephraim aliposogea, raba zake nene zimefungwa kamba mbilimbili.

“Mimi jambo hili nimelipinga tangu siku ya kwanza,” alisema, “na leo bado nalipinga. Lakini nimemwona huyu mama akiujenga mguu ule. Watu wengi hapa wamevaa viatu na hawakujenga chochote. Akianguka nitambeba mimi. Mpe namba.”

Isaya akamtazama mzee, akamtazama Wankyo, akatoa namba na pini.

Nusu ya kwanza ilikuwa lami, na jua liliiwahi mapema. Ilipoanza kuunguza, Wankyo akahamia kwenye mstari mweupe wa pembeni, kwa kuwa rangi nyeupe haishiki joto kama lami, akaufuata kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Wengi walimpita. Akawaacha wapite. Mahali fulani jiwe lenye ncha likamchana chini ya kidole kikubwa, akahisi utelezi wa damu. Akatazama mara moja tu, akaona si la kumsimamisha, akaendelea. Walipoingia barabara ya vumbi mambo yakageuka. Mguu ulijua mahali pa kutua bila kuulizwa. Alianza kuwafikia mmoja mmoja wale waliompita, akazisikia raba zao zikigonga chini kwa uzito, kisha akawa hazisikii tena. Mniko na Bhoke walikuwa wamesimama kando ya njia. Bhoke alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Hakushinda. Aliyeshinda upande wa wanawake ni msichana wa Bunda, mwepesi kama upepo, mwenye raba za soli nene ambazo Wankyo mwenyewe angeziweka mstari wa mbele mezani kwake. Lakini Wankyo alimaliza kabla ya wanawake wote wa Kigera, na alipokaa chini kuosha jeraha, magoti yote mawili yalikunjika bila neno.

Mwalimu Ephraim alifika baadaye, anahema, akainama kuutazama mguu.

“Kiatu kingezuia hili,” alisema.

“Kweli kabisa, mwalimu,” Wankyo akajibu, akamsogezea mahali pa kukaa.

Wateja hawakukimbia. Wengine walianza kuja mezani kwa ajili ya kumwuliza yeye. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mnene aitwaye Esther, alikuja na furaha kwamba ameamua kuacha viatu na kuanza peku Jumamosi hiyohiyo. Wankyo alimtembeza mbele ya meza, akamtazama anavyokanyaga, akamwuzia raba. Akamwambia akimbie na hizo, ila nyumbani atembee bila kitu mguuni, na wasubiri mwaka uishe ndipo wazungumze. Gasper aliyasikia hayo akiwa anapanga viatu, akatabasamu peke yake.

Sasa mbio zinazokuja ni za Bunda, na njia yote ni lami. Mwalimu Ephraim amesema waziwazi kwamba hapo peku haifai, kwamba lami ya mchana itambabua, angalau avae kiatu chembamba. Wankyo hajamkatalia wala kumkubalia. Alichofanya ni kumwachia Gasper meza mchana mmoja, jua likiwa utosini na watu wamejibanza vivulini. Akavua kandambili akaziweka ukutani, akashuka kwenye lami ya Kigera. Hakukimbia. Alitembea polepole hadi kwenye kona, akasimama, akasikiliza miguu yake, kisha akageuka kurudi; kwa siku ya kwanza palitosha.